Gemu, sinema, muziki na mpira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Majibu haya ni ya wenye mabanda ya PS (PlayStation, mashine ya gemu ya Sony), mafundi, wazazi na vijana wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na kwingineko mjini. Wote husikia kwamba gemu ndiyo burudani yenye pesa kuliko zote duniani, na wanataka kujua habari hiyo inawagusa vipi. Fedha za nje tumeziandika kwa dola ya Marekani. Bei za banda ni mfano wa kukokotolea. Weka za mtaani kwako.

Ni kweli gemu inaingiza pesa kuliko sinema na muziki?

Ni kweli. Kampuni ya utafiti ya Newzoo ilikadiria kuwa mwaka 2023 wachezaji duniani walitumia takriban dola bilioni 184. Mwaka huohuo tiketi za sinema dunia nzima zilileta karibu dola bilioni 34, na muziki uliorekodiwa, kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kampuni za muziki duniani, dola bilioni 28.6. Jumlisha hizo mbili, kisha zidisha mara tatu, ndipo unaikaribia gemu.

Lakini angalia kilichoachwa nje. Hesabu ya sinema ni tiketi za mlangoni tu, Netflix haimo. Hesabu ya muziki haina viingilio vya matamasha, na msanii wa Bongo Fleva anajua kuwa shoo ndiyo inayomlisha. Televisheni nayo, ukijumlisha malipo ya ving'amuzi, matangazo ya biashara na huduma za kutazama mtandaoni, bado inaiacha gemu kwa mbali. Anayesema gemu imezipita burudani zote amesoma nusu ya hesabu.

Kama pesa ni nyingi hivyo, mbona makampuni ya gemu yamepunguza watu?

Kwa sababu ukuaji ulisimama ghafla. Mwaka 2020 na 2021 watu walifungiwa ndani na korona, wakacheza na kununua kuliko kawaida. Makampuni yakadhani kasi ile itadumu, yakaajiri na kukopa. Mwaka 2022 soko likashuka na riba za mikopo zikapanda. Mwaka 2023 watu zaidi ya 10,000 walipoteza kazi, na 2024 zaidi ya idadi hiyo tena. Microsoft ilimaliza kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024 ikapunguza wafanyakazi 1,900 kwenye upande wake wa gemu.

Gharama nazo zimepanda. Gemu kubwa siku hizi huchukua miaka mitano au zaidi kutengenezwa, na haina hakika ya kupata mchezaji. Sony ilitoa gemu ya mtandaoni ya Concord tarehe 23 Agosti 2024, na tarehe 6 Septemba ikaiondoa sokoni na kurudisha pesa za wanunuzi. Filamu iliyoanguka angalau huuzwa kwa vituo vya televisheni. Gemu ya mtandaoni isiyo na wachezaji haina pa kwenda.

Basi itakua au imefika kikomo?

Itakua, ila polepole. Wachambuzi wengi wanazungumzia asilimia chache kwa mwaka, si kasi ya zamani. Sisi tunakubaliana nao.

Upande wa kukua kuna simu, ambayo tayari inaleta karibu nusu ya mapato yote ya gemu. Wachezaji wapya wanatoka Afrika, Asia ya Kusini na Mashariki ya Kati, na wengi wao hawajawahi kumiliki PS wala hawatainunua. Kisha kuna gemu chache zinazoweza kulivuta soko zima: GTA V ilipotoka Septemba 2013 iliuza dola bilioni moja ndani ya siku tatu, na mpaka sasa nakala zimepita milioni 200. Black Myth: Wukong ya Uchina iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu Agosti 2024. Gemu pia sasa inailisha sinema: filamu ya Super Mario Bros. ya mwaka 2023 ilivuka dola bilioni 1.3.

Upande wa kukwama kuna bei ya mashine. Zamani PS ikikaa sokoni miaka miwili mitatu ilishuka bei. PS5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi dola 549. Hilo ni geni, na sisi wa mitumba tunaliumia zaidi, maana mtumba hufuata bei ya mpya. Pia kuna saa za siku: TikTok na video fupi zinagombea jioni ileile ya kijana yuleyule.

Serikali nazo zina mkono mrefu. Uchina mwaka 2021 iliwawekea watoto kikomo cha saa tatu za gemu za mtandaoni kwa wiki, ikazuia vibali vya gemu mpya hadi Aprili 2022, na makampuni makubwa yakatetereka.

Kuanguka kabisa kumewahi kutokea. Soko la Marekani liliporomoka mwaka 1983 kutoka mauzo ya takriban dola bilioni 3 hadi dola milioni 100 hivi mwaka 1985, kwa kuwa maduka yalijaa gemu mbovu. Leo njia za mapato ni nyingi mno kwa anguko la namna ile.

Hapa Tanzania gemu inashindana na nini hasa?

Na mpira wa kwenye runinga. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu wenye thamani ya zaidi ya Sh bilioni 225. Hatujui mkataba wowote wa gemu nchini unaokaribia hapo. Siku Simba na Yanga wanacheza, banda la PS linabaki tupu mpaka filimbi ya mwisho. Mwenye banda mwenye akili hafungi: anawasha runinga moja aonyeshe mechi, anauza soda, na baada ya mechi waliofungwa wanataka kulipiza kwenye PS.

Sinema si mshindani hapa. Kumbi kubwa za mjini zilikufa zamani, video ikachukua nafasi yake, kisha vibanda umiza, kisha simu.

Gemu au filamu, ipi inakula bando zaidi?

Filamu, na watu wengi hudhani kinyume. Kutazama video kwa ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na kwa ubora wa juu karibu GB 3. Kucheza gemu ya simu mtandaoni, kama Free Fire au PUBG Mobile, kwa kawaida hula chini ya MB 150 kwa saa, kwa sababu kinachosafiri ni taarifa za nani yuko wapi na amefyatua nini. Picha zenyewe ziko tayari ndani ya simu.

Bando linaliwa na kupakua na masasisho. Gemu kubwa ya simu inaweza kuanza na GB 2 ikaishia na zaidi ya GB 5 baada ya kuongeza ramani. Zima masasisho ya moja kwa moja kwenye duka la programu, pakua usiku kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi, na usipakue ramani usizocheza.

Mbona mtandao una kasi lakini mechi inakwamakwama?

Kasi ya kupakua ni jambo moja, muda wa taarifa kwenda na kurudi ni jambo lingine. Mtandao wako ukiwa na Mbps 20 lakini seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, iko Ulaya, safari ya kwenda na kurudi hupita milisekunde 100, na kwenye mpira au kufyatuliana risasi utaihisi. Gemu ikikuruhusu kuchagua eneo, jaribu ya Afrika Kusini na ya Mashariki ya Kati, linganisha namba, baki na ndogo.

Kwa PS, unganisha kwa waya kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi. Kwenye simu, kama mnara mmoja unahudumia mtaa mzima, saa mbili usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote. Na mara mojamoja tatizo liko baharini: Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, intaneti ya Tanzania ikaanguka, na hapo hakuna fundi wa mjini anayeweza kukusaidia.

Banda la PS bado linalipa?

Linalipa likijaa. Fanya hesabu kabla ya kukodi fremu.

Tuseme una seti nne za PS4 na runinga, mechi moja Sh 500. Kila nusu ya mchezo ukiiweka dakika 4, mechi nzima na kuchagua timu na kubishana hufika dakika 15, yaani mechi nne kwa saa kwa kila seti. Saa kumi jioni hadi saa tatu usiku ni saa tano za kujaa, kila seti inaleta Sh 10,000. Saa tano za mchana, robo ya hapo, Sh 2,500. Jumla kwa seti nne: Sh 50,000 kwa siku.

Toa gharama. PS4 Slim na runinga ya inchi 32 pamoja hula kama wati 150. Seti nne kwa saa kumi ni uniti 6, feni na taa weka uniti 2. Kwa uniti ya takriban Sh 356 kwenye LUKU ni kama Sh 2,850. Kijana wa kusimamia Sh 10,000. Kodi ya Sh 100,000 kwa mwezi ni kama Sh 3,300 kwa siku. Padi (kidhibiti cha mkononi) mbili mpya kila mwezi kwa Sh 60,000 kila moja, Sh 4,000 kwa siku. CD nne za mpira kila mwaka, kama Sh 1,650 kwa siku. Hapo umefika karibu Sh 21,800.

Kwa hiyo unahitaji mechi 44 kila siku ili usile mtaji, na hapo bado leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji, TRA, na akiba ya kubadilisha mashine. Banda likiingiza nusu ya ulichotarajia, Sh 25,000, unabakiwa na kama Sh 3,000. Wengi hufunga kwa sababu walipiga hesabu ya Jumamosi wakaigawa kwa siku zote saba. Kosa la pili ni kusahau padi. Padi ndiyo tairi la biashara hii.

Ninunue PS3, PS4 au PS5?

Kwa banda la mtaani, PS4 bado ndiyo jibu. PS3 ni rahisi, lakini gemu mpya za mpira haipati, na vijana hawakubali kucheza na kikosi cha miaka iliyopita. PS5 hula umeme kama wati 200 na mtaji wake unarudi taratibu kwa sababu bei ya mechi haiwezi kuwa mara mbili.

Unaponunua mtumba: weka CD uone inasomwa na kutolewa bila kukwaruza, cheza dakika 30 usikilize feni, ingia kwenye mipangilio uhakikishe akaunti ya mwenye zamani imeondolewa, tikisa waya wa HDMI taratibu uone picha haipotei. Epuka PS5 isiyo na sehemu ya CD kama unategemea kuazimana na kuuza CD zilizokwisha, kwa sababu hapo kila gemu ni ya kununua mtandaoni na haiuziki tena.

Jambo wasilopenda kulisikia wenye mabanda: masharti ya Sony yanaruhusu matumizi binafsi, si ya biashara. Jua hilo kabla hujaandika jina la PlayStation kubwa kwenye bango lako.

Padi inatembea yenyewe. Ni ya kutupa?

Mara nyingi hapana. Ndani ya kila kijiti cha padi ya PS4 kuna visoma-mwendo viwili vyenye utepe wa kaboni unaosuguliwa kila unapokisukuma kijiti. Vumbi likiingia au kaboni ikilika, padi hutuma mwendo ambao hukuufanya.

Zima padi, fungua skrubu nne za nyuma, tenganisha maganda polepole kwa sababu utepe mwembamba wa waya unaunganisha pande mbili. Chomoa betri kwanza. Fungua kifuniko kidogo cha pembeni ya kijiti, safisha kwa spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba, acha ikauke kabisa. Spiriti ya dukani iliyochanganywa maji huacha unyevu na kutu.

Ikirudia baada ya wiki, kaboni imekwisha na kijiti kizima kinabadilishwa. Hapo kuna nukta 14 za risasi za kuyeyusha. Kinachoharibika kwa mafundi wanaojifunza ni kuvuta kijiti kabla risasi haijayeyuka yote: kinang'oka na njia ya shaba ya ubao, na padi inakuwa ya vipuri. Vijiti vya sumaku hudumu zaidi kwa kuwa havisuguani, ila baada ya kufunga lazima visawazishwe kwa kompyuta, la sivyo mchezaji ataegemea upande mmoja.

Kwenye banda, tumia padi kwa waya: mipangilio, vifaa, padi, njia ya mawasiliano, chagua kebo. Betri hazitakuumiza kichwa, wala padi haitajiunga na PS ya jirani.

PS inapata moto na kupiga kelele. Kwa nini hapa zaidi?

Joto, vumbi, na hewa ya chumvi. Karibu na bahari, kama Raskazone, chumvi huanza na milango ya HDMI na USB. Weka mashine sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani, usiifunike kwa kitambaa, usipange moja juu ya nyingine. Ifunguliwe na kusafishwa kila miezi mitatu au minne, na dawa ya joto ya juu ya prosesa ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kupuliza feni kwa mashine ya upepo bila kuishika panga zake huzizungusha kupita kiasi na kuua beringi; weka kidole.

Umeme unakatika katikati ya mechi. Nifanye nini?

Seti nne za wati 150 ni wati 600. UPS (betri ya dharura) ya VA 1,200 kwa kawaida hubeba kama wati 700, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima vizuri, si kumaliza mashindano. Usiunganishe feni humo.

PS4 ikizimwa ghafla mara kwa mara, diski yake huchanganyikiwa: gemu zinachelewa kufunguka au hazionekani. Izime kabisa, shika kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha padi kwa waya, na kwenye orodha itakayotokea chagua namba 5, ya kujenga upya orodha ya data. Gemu hazifutwi. Namba 6 na 7 zinafuta, usiziguse kwa majaribio.

Tunataka mashindano ya mtaa. Yanapangwaje, na si kamari?

Wachezaji 32 wa mtoano ni mechi 31. Kwa seti nne, raundi ya kwanza ina awamu nne, ya pili mbili, kisha robo fainali, nusu na fainali awamu moja moja: awamu 9 za dakika 15, saa mbili na robo. Tangaza saa tatu. Andika kanuni ukutani: timu zipi zinaruhusiwa, nani anakuja na padi yake, na umeme ukikatika kabla ya dakika ya 60 mechi inarudiwa. Bila kanuni hii ya umeme, ugomvi ni wa uhakika.

Kuhusu kamari: wachezaji wakichanga na mshindi akaondoka na mchango wote, umeanza kunusa eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Njia safi ni zawadi itoke kwa mfadhili, duka la simu au la jezi, na kiingilio kiwe kidogo cha kulipia umeme na ukumbi. Watazamaji wasiwekeane dau ndani ya banda lako. Ukitaka kuwa na hakika, iulize Bodi kabla ya kubandika tangazo.

Kijana wa Tanga anaweza kutengeneza gemu na kuiuza?

Anaweza kuitengeneza kwa gharama ndogo. Kuiuza ndiko kugumu. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure kabisa na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Unreal, programu nyingine ya aina hiyo, haidai chochote mpaka gemu ivuke mapato ya dola milioni moja.

Google Play, duka la programu za simu, hutoza dola 25 mara moja kufungua akaunti, na hukata asilimia 15 ya dola milioni ya kwanza kwa mwaka. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ifanye majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wakusanye mapema, maana mmoja akijitoa ukabaki na 11 hesabu inaharibika. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu, hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000, na hukata asilimia 30. Juu ya hapo, Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule hukatwa asilimia 30 nyingine ya kodi.

Ushauri wetu: anza na gemu ya miezi mitatu, si ya miaka mitatu. Bao, foleni za bodaboda, uvuvi, vyote vinatosha. Anayeanza na gemu yenye dunia nzima ya kuzunguka kwa uhuru kama GTA hamalizi.

Mimi ni mzazi. Nihofie nini?

Saa, pesa na watu wasiojulikana, kwa mpangilio huo. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kama maradhi tangu Januari 2022, lakini dalili yake ni mtoto kushindwa kujizuia hadi shule, usingizi na chakula vikaharibika kwa muda mrefu, si kucheza jioni tatu. Weka namba ya siri ya kununua kwenye simu, na usimpe mtoto PIN ya pesa za simu hata kwa dakika moja. Zima mazungumzo ya sauti na wageni. Na kama anakwenda bandani, pita mwenyewe umjue mwenye banda. Anayepokea watoto wenye sare saa nne asubuhi hafai.

Akili mnemba itawaondoa watengenezaji wa gemu?

Itapunguza baadhi ya kazi za kuchora na za sauti. Waigizaji wa sauti wa Marekani waligoma kwa sababu hiyo kuanzia Julai 2024 hadi katikati ya mwaka 2025, wakapata masharti ya ridhaa kabla sauti zao hazijaigizwa na mashine.

FIFA mpya itatoka lini?

Ile mliyoizoea haiitwi FIFA tena. EA, kampuni inayoitengeneza, na FIFA waliachana baada ya FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC, ikitoka kila Septemba. Ukinunua CD kwa ajili ya banda lisilo na intaneti, kumbuka kuwa usajili wa Januari hautaingia wenyewe: chukua PS moja moja nyumbani, iunganishe na intaneti ya simu, sasisha vikosi, irudishe.